Makubaliano, mapatano, mwafaka, suluhu au maridhiano: uandike lipi?

Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kutafsiri karatasi tatu tu. Mtu na mdogo wake walikuwa wanaanza biashara ya malori, na mwanasheria wao alikuwa ameandika masharti yote kwa Kiingereza. Mama yao alitaka kuyasoma kabla hawajatia saini, na Kiingereza hakijui. Nikakaa nayo usiku, nikaimaliza, na juu kabisa kwa herufi kubwa nikaweka HATI YA MARIDHIANO. Nilipenda mlio wake. Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hawa wanangu wamegombana lini? Mbona mimi sikuambiwa?"

Nikafuta kichwa cha habari, nikaandika MAKUBALIANO, mambo yakaisha. Lakini swali lake halikuniacha. Kamusi ingenitetea, kwa kuwa kamusi zetu nyingi huyafafanua maneno haya kwa kuyazungusha: makubaliano ni mapatano, mapatano ni maafikiano, maafikiano ni makubaliano. Mama yule hakuangalia maana ya neno. Aliangalia lilikotoka, akaona ugomvi.

Tangu siku hiyo nina maswali mawili kabla ya kuchagua. La kwanza, kabla ya neno hili kulikuwa na nini baina ya watu hawa: kimya, biashara, ugomvi au damu? La pili, wakishaachana pale mezani kitabaki nini: karatasi, ahadi ya mdomo, au watu wanaoweza tena kula pamoja? Ukiyajibu hayo, neno karibu linajichagua lenyewe.

Makubaliano na mkataba

Makubaliano ndilo neno lisilo na kovu. Kubali limetoka katika Kiarabu, qabila, yaani kupokea. Mzizi huohuo ndio uliotupa kabla, kibla na mkabala, maneno yote yenye sura ya kuelekea, ya kilicho mbele ya uso. Anayekubali amegeuza uso na kupokea anachopewa. Waislamu hulisikia katika kazi yake ya asili kwenye ndoa: walii akishatoa ijabu, yaani tamko la kuozesha, bwana harusi hujibu kwa kabuli, "Nimekubali." Hakuna aliyekosana na mtu pale. Kiswahili kikaongeza -ana ili wawe wawili, kikatia ma- mbele na -o nyuma. Mtu akikubali peke yake hajafikia makubaliano. Pengine amekubali tu yaishe.

Kwa hiyo kama watu wamekaa, wamezungumza na wameona jambo moja, na hakuna historia mbaya ya kubeba, andika makubaliano. Ni neno salama, na usalama huo ndio udhaifu wake. Halitakuaibisha, lakini pia halitamwambia msomaji lolote zaidi ya kwamba watu walisema ndiyo.

Mkataba ni kitu kingine. Mzizi wake ni wa kuandika, ule wa kitabu, katibu, maktaba na katiba, ndiyo maana msomaji akikutana na neno mkataba macho yake hushuka kutafuta mahali pa saini. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe haikufungwa na asili ya neno. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 10 kwamba makubaliano yote ni mikataba iwapo yamefanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Haisemi lazima kila kitu kiwe kwenye karatasi. Mkataba wa mdomo ni mkataba, hata kama neno lenyewe linanuka wino.

Kwa mwandishi, tofauti inayofaa kushikwa ni hii: makubaliano ni kile kilichokubaliwa, mkataba ni kile kinachobana. "Tumefikia makubaliano, mkataba tutasaini Jumatatu" ni sentensi iliyonyooka. Igeuze uone inavyochekesha. Na kuna jina moja, mkataba wa maelewano, ambalo magazeti ya Kenya hulitumia sana na mimi siku zote huliona kama farasi wawili waliofungwa kigari kimoja wakivuta huku na huku. Mkataba unabana, maelewano yanalegeza. Hati ya namna hiyo ilitiwa saini kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2002 baina ya kambi ya Mwai Kibaki na ya Raila Odinga, na upande wa Raila ukalalamika kwa miaka kwamba haikutekelezwa. Jina halikuleta mgogoro ule, lakini nalo lilikuwa limekwisha kukaa pande zote mbili za hoja.

Mapatano na maelewano

Hapa tunaingia nyumbani, kwenye maneno ya Kibantu. Patana ni pata na -ana: kila mmoja amempata mwenzake. Hutumika kwa bei ("tumepatana, njoo uchukue") na hutumika kwa waliokosana ("siku hizi wamepatana"). Nguvu yake zaidi imo katika patanisha, pale mtu wa tatu anapoingia kati. Mpatanishi ana heshima ambayo mkubaliani hana. Hata neno mkubaliani sidhani umewahi kulisikia. Biblia ya Kiswahili imewapa wapatanishi heri yao, na kwa Amosi kuna swali ambalo ningeweza kulitundika juu ya meza yangu: "Je! Watu wawili waweza kutembea pamoja, wasipokuwa wamepatana?"

Walimu wa sarufi nao walilichukua. Upatanisho wa kisarufi ni ule utii unaofanya kiti kivunjike na viti vivunjike, ki- ikimfuata ki- na vi- ikimfuata vi- mpaka mwisho wa sentensi. Sijui lugha nyingine inayoonyesha wazi namna hii maana ya kupatana: kiambishi kimoja mbele, na wengine wote nyuma wamevaa sare.

Tahadhari moja kuhusu mpaka. Kwa Wakenya wengi, kupatana ni kukutana tu. Mhariri mwenzangu wa Nairobi aliwahi kuniandikia, "Naomba tupatane Ijumaa." Nikahesabu siku mbili nzima nilichomkosea. Ijumaa akaja na kahawa mbili na muswada, hana kinyongo na mtu. Ukiandika kwa ajili ya wasomaji wa pande zote mbili na ukataka maana ya kuondoa ugomvi, tumia patanisha au patanishwa, maana hapo hakuna anayekosea.

Maelewano ndilo neno lililolegea kuliko yote, na lina matumizi yake. Kuelewana ni kila mmoja kuelewa mwenzake, basi. Angalia matangazo ya kuuza: "Bei maelewano." Maana yake ni kwamba makubaliano bado hayapo, mlango tu ndio uko wazi. Kinyume chake kina makali kuliko chenyewe: "hawaelewani" ni ugomvi kamili, wakati "wanaelewana" ni kidogo tu zaidi ya kusalimiana. Usiliweke kwenye hati inayotakiwa kubana mtu. Liweke kwenye mazingira: maelewano baina ya majirani, maelewano kazini, hali ambayo haina tarehe ya kuanza wala sahihi chini yake. (Na ukimsikia mtu wa ofisini anasema "tutaelewana" huku anatazama pembeni, hapo neno limekwenda kufanya kazi nyingine.)

Mwafaka na jamaa zake

Mwafaka ana ukoo mkubwa. Mzizi wa Kiarabu ni w-f-q, wa kulandana na kufaa, na watoto wake kwetu ni afiki, itifaki, taufiki na mwafaka mwenyewe. Kwenye Hansard, kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Tanzania, utakutana tena na tena na mstari mmoja uleule, "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Taufiki ni pale Mungu anapolifanya jambo lako liende. Itifaki ndiyo iliyohama mbali zaidi: ilianza kama makubaliano, na ingali makubaliano tunaposema Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Lakini kwa mtu wa kawaida itifaki ni nani akae kiti gani na nani atajwe kwanza. Msemaji anayesema "itifaki imezingatiwa" anaomba tu ruhusa ya kuruka majina. Kwa hiyo usiandike itifaki ukimaanisha makubaliano ya watu wawili. Iache kwa mataifa na kwa washereheshaji.

Mwafaka una kitu ambacho makubaliano hayana. Ni kivumishi pia: wakati mwafaka, jibu mwafaka, mtu mwafaka. Picha yake ni mfuniko uliokaa sawasawa kwenye chungu chake. Ndiyo maana mwafaka tunaufikia, hatuufanyi. Upo mahali fulani, pande mbili zinausogelea. Mkataba tunaufunga au tunauingia, suluhu tunaifanya, maridhiano tunayaleta, na mwafaka tunaufikia. Ukichanganya vitenzi hivi msomaji ataelewa, lakini sikio lake litajikwaa.

Tahajia yake inatofautiana: mwafaka ndiyo inayopendwa Kenya, muafaka imezoeleka sana Zanzibar, na kule Zanzibar neno hili si nomino ya kawaida tena. Ni sura ya historia. Baada ya ubishi wa uchaguzi wa 1995, vyama vya CCM na CUF vilitia saini Muafaka wa kwanza Juni 1999, Jumuiya ya Madola ikiwa msuluhishi. Ukaja uchaguzi wa 2000, zikaja risasi za Januari 2001, Unguja na Pemba, watu wakafa, wengine wakakimbilia Kenya. Muafaka wa pili ulisainiwa tarehe 10 Oktoba 2001. Mazungumzo ya kuutafuta wa tatu yalivunjika 2008. Mtu mzima wa Zanzibar anaposikia "muafaka" anasikia vyama viwili, vifungu na nambari.

Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakutana Ikulu, na kilichotoka hapo hakikuitwa Muafaka wa tatu. Kiliitwa Maridhiano. Sioni kama ni bahati tu. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kutumika mara mbili na kuvunjika; lilikuwa na harufu ya karatasi. Walihitaji neno lisilo na nambari mbele yake. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaingia kwenye Katiba ya Zanzibar.

Suluhu na maridhiano

Hii ndiyo jozi inayowakosesha watu zaidi, na ndiyo iliyonikosesha mimi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Suluhu ni sulh ya Kiarabu, na ndugu zake kwetu ni maslahi, sulihi, na jina Swaleh. Mzizi unahusu kitu kuwa kizima, kuwa katika hali njema, kutengenezwa. Basi suluhu inahitaji kwanza kitu kilichoharibika. Hutengenezi kizima. Watu wasiokosana hawawezi kufanya suluhu, kama vile huwezi kuziba pancha ya gurudumu zima. Hilo ni sharti la kwanza.

La pili ni kwamba suluhu haimwulizi mtu moyo wake uko wapi. Inauliza tu kama vita vimekwisha. Kwa hili watangazaji wa mpira wa Tanzania wamelielewa neno kuliko wengi wetu tunaolipwa kuandika. Timu zikifungana bao moja kwa moja, hiyo ni sare. Dakika 90 zikiisha hakuna aliyeona lango, zimetoka suluhu. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, kila mmoja anaondoka na pointi yake, na mashabiki wanarudi nyumbani wakichukiana vilevile kama walivyokuja.

Sheria imelishika hivyohivyo. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, anayetaka talaka hawezi kwenda moja kwa moja mahakamani. Kwa kawaida lazima apite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa ndipo linatoa hati ya kuthibitisha kuwa limeshindwa. Nimeiona karatasi ya namna hiyo mara moja, mkononi mwa jirani. Ni karatasi ndogo. Miaka ya watu wawili ilikuwa imeingia kwenye mistari michache na muhuri. Kwenye migogoro ya kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inatenganisha hata watu: msuluhishi anajaribu kuwaleta pamoja ndani ya siku 30 na hana mamlaka ya kuwalazimisha, ikishindikana, mwamuzi anaamua, mpende msipende. Kwa hiyo usimwite mwamuzi msuluhishi. Wanaojua watakucheka.

Jambo jingine la mpaka: Kenya suluhu hutumika pia kwa ufumbuzi, "suluhu ya tatizo la maji". Tanzania wengi watasema suluhisho au ufumbuzi, na kuiacha suluhu kwa watu. Mimi napenda utengano huo, maana maji hayakugombana na mtu.

Maridhiano yana mzizi wa radhi. Kutoka hapo tuna ridhaa, ridhika, ridhia, radhi za wazazi, na "niwie radhi" tunayomwambia mtu tuliyemkanyaga. Ridhia kwa upande mmoja tayari ni zito kuliko kubali. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa: serikali imekwisha kukubali kule nje, sasa nyumbani nao watulie nafsi. Na kumbuka kifungu kile cha 10 nilichokitaja juu: kinachogeuza makubaliano kuwa mkataba ni, pamoja na mengine, ridhaa huru. Kukubali kunatoka mdomoni. Kuridhia kunatoka mahali pa ndani zaidi, na mtu anaweza kukubali bila kuridhia. Tunawaona kila siku.

Warumi wa kale nao walikuwa na neno lao la watu kuwa kitu kimoja, concordia, na ndani yake wameuweka moyo, cor. Walimfanya mpaka mungu wa kike na kumjengea hekalu katikati ya mji. Katika maneno yetu ya ukoo huu, maridhiano ndilo linalokaribia moyo huo. Mengine yako mdomoni, mkononi au kwenye karatasi.

Ndiyo maana maridhiano ni neno la baada ya jeraha kubwa, na ni neno la muda mrefu. Tazama Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na mauaji yaliyoufuata. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya msuluhishi Kofi Annan, Kibaki na Raila walitia saini mwafaka wa kugawana madaraka. Ulifikiwa siku moja, saini mbili, na wananchi haraka wakaupa jina lao wenyewe, serikali ya nusu mkate. Huo ulikuwa mwafaka, na kwa kiasi kikubwa ulisimamisha mauaji. Lakini kwa mambo yaliyobaki vifuani iliundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilitoka Mei 2013. Siku moja kwa mwafaka, miaka kwa maridhiano, na kuunda tume hakukuwa kuyapata.

Miaka mitano baadaye, Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila wakashikana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Wakenya wakaiita handisheki, neno la mkono, wakati mpango uliozaliwa hapo ukapewa jina la maridhiano. Mahakama ya Juu ikauzuia Machi 2022. Nikisoma magazeti ya wakati ule naona watu wa kawaida walikuwa waangalifu kuliko waandishi wa hotuba: walichokiona ni mikono, wakakiita mkono.

Tanzania, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza falsafa yake ya 4R mwaka 2022, misingi minne ambayo kwa Kiingereza huanza kwa herufi R, maridhiano ndiyo yaliyotajwa kwanza. Rais mwenye jina la Suluhu hakuchagua suluhu.

Uchague lipi, basi? Kama waliogombana wamekubali kuacha, wamegawana wanachogawana na kila mtu ameshika njia yake, ni suluhu, hata kama unatamani iwe zaidi. Kama wameanza kutembeleana bila kuitwa, unaweza kuthubutu kusema maridhiano. Mwandishi anayeita kila kikao cha wanasiasa maridhiano analitoboa neno, na siku litakapohitajika kweli litakuwa halishiki maji.

Pale ambapo hakuna aliyegombana

Kuna upatano usiohusu ugomvi wala mkataba: sauti kwenye kwaya, rangi kwenye kanga, watu wa makabila mengi kwenye mji mmoja. Hapa maneno yote ya juu yanakuwa mazito mno.

Kwa sauti na rangi, ulinganifu. Unatokana na lingana, kuwa sawa kwa kipimo, uleule mzizi wa ulinganisho huu unaousoma. Kwaya yenye ulinganifu haina sauti moja. Ina ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na hakuna inayoimeza nyingine. Ukitaka kusema rangi mbili zinakubaliana, Kiswahili cha mtaani kimekwisha kukupa kitenzi kizuri zaidi, zinaendana.

Kwa watu, utangamano. Kutangamana ni kuchanganyika na kukaa pamoja, kila mmoja akiwa bado ni yeye. Kenya ina Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyotokana na sheria ya 2008, na mtangamano ndilo neno la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nchi kuungana kidogo kidogo. Uwiano wenyewe mimi huuachia hesabu na mizani, kwa kuwa ukisema uwiano wa watu, msomaji anaanza kutafuta asilimia.

Agano nalo limo katika ukoo huu, ila limehamia kanisani. Agana ni kuahidiana na ni kupeana kwaheri, yote mawili, kana kwamba watu hawaachani bila kuwekeana neno. Pwani bado utasikia mtu akisema "tuliagana tukutane saa nne". Kwingineko ukiandika agano, msomaji anasubiri useme la Kale au Jipya. Litumie ukitaka uzito huo, si vinginevyo.

Kuhusu wale ndugu wa malori. Mwaka wa tatu mama yao alinipigia tena. Salamu zikawa ndefu kuliko mara ya kwanza, nikajua.

"Mwanangu, ile karatasi yako ya zamani, ile uliyofuta kichwa chake, bado unayo?"

Nikamwuliza, kwa adabu, wamefikia wapi. Akaniambia malori yamegawanywa, mawili kwa mawili, deni la benki wamelikata nusu kwa nusu, wazee wamekaa nao mara tatu. Nikamwuliza kama wanatembeleana. Akakaa kimya kidogo. Watoto wanatembeleana, akasema.

Nikamwandikia HATI YA SULUHU. Jioni akapiga kuniambia ameipata, ameisoma yote, iko sawa.

"Na lile jina jingine," akasema, "usilitupe. Niwekee."